Safari ya Mutukula Ianzie Wapi?

Juma hili nina kesi nyumbani kwangu, na nimeona niilete kwenu kabla sijaiamua peke yangu. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu anayefanya kazi Mwanza, amenunua gari. Si jipya, lakini linatembea, na kama ilivyo kwa kila kijana aliyepata gari lake la kwanza, sasa hatafuti mahali pa kwenda, anatafuta kisingizio cha kwenda. Amenipigia simu. "Mjomba," anasema, "nakuja Kamachumu. Nitafika jioni, tulale, asubuhi tushike barabara hadi Mutukula, tuone mpaka, tule chakula cha mchana huko, na jioni tumerudi nyumbani."

Nikamuuliza anajua ni kilomita ngapi. Akanijibu papo hapo, maana simu yake inajua kila kitu: kutoka Muleba hadi Bukoba kama sabini, kutoka Bukoba hadi Mutukula kama themanini, lami mwanzo hadi mwisho. "Hata saa tatu hazifiki, Mjomba, labda trafiki watupige tochi njiani."

Ni kweli hazifiki. Lakini mimi nimemwambia safari hiyo inahitaji siku tatu, na zaidi ya hapo nimemwambia kwamba hatutaianzia Muleba kwenda Mutukula, bali tutaianzia Mutukula kuja Muleba. Kijana akacheka. Akaniuliza, mtu aliyeko Kamachumu ataanzaje safari Mutukula pasipo kwanza kusafiri hadi Mutukula? Hilo nalo ni kweli. Ndiyo maana nasema nina kesi.

Naomba nianze mbali kidogo, maana vijana wetu wakiiona lami hii wanadhani ilikuwapo tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Sisi Wahaya wa pwani ya ziwa hatukuwa watu wa barabara kuu. Njia ya misafara ya wafanyabiashara waliotoka Tabora kwenda Buganda ilipita Karagwe, kule nyuma ya milima. Sisi barabara yetu kuu ilikuwa maji. Emin Pasha, ambaye wakati huo alikuwa akiwatumikia Wajerumani, alifungua kituo cha Bukoba mwezi Novemba 1890, na mji ule ukakua ukiwa umelipa ziwa uso na bara kisogo. Reli ya Waingereza kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, mali ya Bukoba, yaani ngozi na baadaye kahawa, ikawa inatoka kwa meli kwenda Kisumu. Mkoloni wa Kijerumani alikuwa anategemea reli ya mkoloni mwenzake! Kahawa ilishuka kutoka vilimani ikiwa vichwani mwa watu hadi ufukweni, na njia tulizokuwa nazo zilikuwa za kuteremkia ziwani, hazikuwa za kwenda kaskazini wala kusini.

Hata vita vilikuja kwa maji. Juni 22 na 23, 1915, kikosi cha Waingereza kilichotoka Kisumu kwa meli kilishuka karibu na Bukoba, kikawafukuza Wajerumani, kikaangusha mnara wao wa simu ya upepo, kikaupora mji, kisha kikapanda meli na kwenda zake. Mimi ninayekula kwa redio husikitika kidogo kila ninapokumbuka kwamba jambo la kwanza lililowaleta watu Bukoba kwa mizinga lilikuwa mnara wa mawasiliano.

Hali hiyo iliendelea hata baada ya Uhuru. Wasikilizaji wenye umri wangu wanakumbuka kwamba mtu wa Muleba akienda Mwanza alikwenda kupanda meli, aidha Bukoba mjini au pale Kemondo, akalala juu ya gunia, asubuhi akaamkia Mwanza. Kupita nchi kavu kupitia Biharamulo kulikuwa ni kwa wenye roho ngumu, na mvua za masika zikishanyesha hata hao walitafakari. Kisha ikaja Mei 21, 1996. Meli ya MV Bukoba, iliyoondoka Bukoba jioni ya tarehe 20 na kupakia tena Kemondo, ilipinduka asubuhi ikiwa imekaribia Mwanza, ikaondoka na mamia ya watu wetu. Sitalieleza jambo hilo kwa urefu, maana hakuna kijiji katika wilaya zetu hizi mbili kisichokuwa na jina katika orodha ile. Nasema tu kwamba tangu siku ile wako watu, na dada yangu ni mmoja wao, ambao hawajakanyaga tena meli, na kwao barabara ilianza kuwa kitu cha lazima. Lami kutoka Mutukula hadi Muhutwe ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 2000, na vipande vya kusini vikafuata mpaka tukaungana na nchi. Na tangu Juni 2025, lilipofunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, mpwa wangu anatoka Mwanza na kufika kwangu pasipo kusubiri kivuko hata dakika moja.

Kwa hiyo barabara yenyewe, ukiihesabu kwa lami, ni changa. Ukiihesabu kwa nyayo, ni mzee. Na nyayo ninazozisema ni za mwaka 1978.

Sasa tukumbushane jambo moja ambalo bila hilo hadithi haieleweki. Mwaka ule ule wa 1890, mwezi Julai, Waingereza na Wajerumani walikubaliana huko kwao kwamba magharibi ya ziwa mpaka wao utafuata mstari wa nyuzi moja kusini ya Ikweta. Mstari hauna maji wala mlima. Kwa sababu hiyo mto Kagera, ambao mtu yeyote mwenye macho angeutumia kuwa mpaka, ukabaki ndani ya nchi yetu, na ng'ambo yake kaskazini ikabaki nchi ya Missenyi, iliyo Tanzania, lakini ambayo ili uifikie kutoka Bukoba sharti uvuke mto. Na pa kuvukia kwa barabara palikuwa pamoja tu: daraja la Kyaka.

Idi Amin alipoitwaa serikali ya Uganda mwaka 1971, huku kwetu hatukukawia kuusikia moshi. Septemba 1972, baada ya wapinzani wake waliokuwa Tanzania kuvuka mpaka na kushindwa, ndege zake zilidondosha mabomu Bukoba na Mwanza. Mwezi uliofuata ukatiwa sahihi mkataba wa Mogadishu, na kila upande ukakubali kuyaweka majeshi yake kilomita kumi nyuma ya mpaka. Sisi tuliheshimu. Matokeo yake ni kwamba majeshi ya Amin yalipoingia kwa nguvu Oktoba 30, 1978, siku ya Jumatatu, yalikuta ng'ombe, migomba, wanawake na watoto, na askari wachache mno. Tayari katikati ya mwezi huo ndege zilikuwa zimekwishaishambulia Bukoba, na watu wengi wa mjini walikuwa wamekwishabeba magodoro kuelekea huku kwetu kusini. Novemba 1 Amin akatangaza kwamba nchi yote mpaka mtoni ni yake. Novemba 2 Mwalimu akatoa ile hotuba ya sababu, nia na uwezo, ambayo hata watoto wa leo wanaijua kwa moyo. Novemba 3, Ijumaa, wavamizi wakalilipua daraja la Kyaka.

Wasikilizaji wengi mnazifahamu tarehe hizi. Zimo katika vitabu vya shule. Mimi pia nilizifahamu, nikazifundisha hata wengine, na hazikuniuma mpaka mwaka jana.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na moja. Senene walikuwa wanaanza, na sisi watoto tulikuwa tunaamka alfajiri kwenda kuwaokota kwenye nyasi za rweya kabla jua halijawapa nguvu ya kuruka. Jioni moja ya Novemba hiyo nilirudi na kopo langu nikakuta uani kwetu familia ambayo sikuijua: mwanamume mrefu mwembamba, mke wake mwenye mimba, watoto wawili wamelala kwenye jamvi kama waliokufa, na baiskeli imeegemezwa kwenye mgomba. Yule mwanamume baba alimfahamu. Alikuwa mfugaji wa Missenyi, na miaka miwili kabla alikuwa amemuuzia baba ng'ombe, maana Mhaya bila ng'ombe hana mbolea na bila mbolea kibanja hufa. Mbali na ng'ombe yule mmoja hawakuwa na undugu wowote. Mama alikuwa amekwisha kuwatolea kahawa ya kutafuna katika kikapu chake kidogo, kama ilivyo desturi kwa mgeni yeyote, nami nakumbuka kwamba yule mwanamume alizishika zile punje mkononi na hakuzitia kinywani.

Walikaa kwetu miezi sita. Mwezi Februari yule mama akajifungulia jikoni kwetu mtoto wa kiume, akisaidiwa na mama yangu na jirani mmoja. Mimi nilinyang'anywa kitanda, nikalala chini na ndugu zangu, na sikufurahi. Lakini jambo lililonikera zaidi lilikuwa ile baiskeli. Mwenyewe haiendeshi. Haendi nayo sokoni, haazimi mtu, hataki iguswe. Kila jioni anaigeuza juu chini, anaifuta, anaitia mafuta mnyororo, anazungusha pedali na kusikiliza gurudumu linavyolia, kisha anairudisha ukutani. Nilimwomba niiendeshe mara moja tu, hadi kwenye njia panda na kurudi. Akanitazama, akasema hapana. Nikaenda shuleni nikawaambia wenzangu kwamba yule mkimbizi wetu ni mchoyo, tumempa nyumba na yeye anatunyima baiskeli. Jina hilo likashika. Watoto wa Kamachumu wakawa wanamwita Mchoyo, nyuma ya mgongo wake kwanza, baadaye na mbele yake.

Waliondoka Mei 1979, baada ya Kampala kuanguka tarehe 11 Aprili. Baba aliwasindikiza hadi Muhutwe kupata lori. Yule mwanamume alirudi kwetu mara mbili tatu kumsalimia baba, akileta samli, kisha akafariki mwishoni mwa miaka ya 1980. Ilikuwa ile miaka ambayo katika mkoa wetu mtu hakuuliza marehemu aliugua nini. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi kutambuliwa hapa nchini walikuwa wa Kagera, mwaka 1983, na sisi tuliuita ugonjwa ule Juliana, jina la nguo zilizoletwa na magendo ya mpakani. Wengine husema vita ndivyo vilivyouleta, wengine biashara, wengine barabara. Mimi naona ni rahisi kuilaumu barabara, haijitetei.

Mwaka jana nilikwenda Bunazi kwa shughuli zangu. Yule mtoto aliyezaliwa jikoni kwetu sasa ni mtu mzima mwenye wajukuu karibuni, anauza mbao, na huniita kaka. Akanipeleka kwa mama yake. Amezeeka, lakini akili yake ni kali kuliko yangu. Tukala, tukazungumza ya zamani, tukacheka jinsi nilivyokuwa nikinuna kwa ajili ya kitanda. Nami katika kicheko hicho nikamwambia, "Mama, na ile baiskeli! Mzee alikuwa mchoyo wa baiskeli!"

Hakucheka. Akaniambia hivi, nami nayasema kwa ruhusa yake.

Jumatatu ile waliposikia mizinga, mumewe alikuwa na mama yake mzazi ndani ya nyumba, mzee ambaye mguu wake mmoja ulikuwa hautembei. Baiskeli ilikuwa moja. Watoto wawili walikuwa wadogo wasioweza kutembea usiku, na mke alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mzee mwenyewe ndiye aliyeamua. Alisema wapakizwe watoto kwanza, wavushwe mto, kisha mwanawe arudi kumchukua. Wakamwacha kwa jirani aliyekuwa bado anakusanya ng'ombe wake. Wakatembea usiku kucha, baba akisukuma baiskeli na watoto juu yake, mama nyuma, wakavuka daraja la Kyaka pamoja na umati alfajiri ya Jumanne. Akawashusha upande wa kusini, akageuza baiskeli arudi. Askari wetu wakamzuia. Adui amekwisha kuja, wakamwambia, huko ng'ambo hakuendeki.

Daraja lilikuwa bado zima. Hilo ndilo lililomuumiza, mama yule alisema. Kama lingekuwa limevunjika siku hiyo angejua moja. Lakini alikaa mlimani Kyaka Jumanne, Jumatano na Alhamisi akilitazama daraja zima lisilopitika, akiteremka na baiskeli yake na kufukuzwa, akapanda tena, akateremka tena. Ijumaa likalipuliwa mbele ya macho yake. Ndipo alipomkumbuka mtu wa Kamachumu aliyemuuzia ng'ombe.

Kwa hiyo baiskeli ile ilikuwa inatunzwa kwa kazi maalumu. Kila jioni alikuwa anaitayarisha. Majeshi yetu yalivuka mto mwezi huo huo wa Novemba na kuweka daraja la muda, yakaisafisha Missenyi, na Januari 1979 yakaichukua Mutukula yenyewe. Yule mwanamume aliomba ruhusa akatangulia kwao peke yake mara raia walipoanza kuruhusiwa. Alikuta nyumba imechomwa, mifugo imeswagwa, na jirani hayupo. Mama yake hakumpata, wala kaburi lake. Alirudi kwetu na baiskeli, akaiegemeza ukutani, na mke wake anasema tangu siku hiyo hakuitia mafuta tena. Mimi sikukumbuka hilo. Nilikuwa nimeshajishughulisha na mambo mengine ya kitoto.

Basi nilipokuwa nikiaga, mama yule akasema ana jambo moja. Tangu aliporudishwa na lori mwaka 1979 hajafika tena Kamachumu. Mama yangu alipofariki hakuweza kuja, na linamkaa moyoni. Angependa aje asimame penye lile jiko. Lakini hataki kuchukuliwa tu na gari na kushushwa kama mzigo. Anataka kuipita njia ile kama alivyoipita. Nikamjibu, "Ee waitu, Mama, tutakuja kukuchukua." Nilisema hivyo kama mtu anavyosema, gari sina. Sasa mpwa wangu amenunua.

Mnaona basi kwa nini nasema Mutukula kuja Muleba.

Mpango niliouandika uko katika karatasi mbili za daftari. Siku ya kwanza tunatoka Kamachumu mapema, tunapita moja kwa moja bila kusimama popote ila Bukoba kujaza mafuta, tunapita Rwamishenye, tunavuka Kyaka, tunalala Bunazi. Siku hiyo ni ya kijana: aendeshe apendavyo, afurahie lami yake. Siku ya pili asubuhi tunakwenda hadi Mutukula mpakani, tunageuza gari, na hapo ndipo safari inapoanza. Tunampitia Mama kwake. Kutoka hapo hadi mtoni tutakwenda polepole, maana ameomba aonyeshwe, au niseme atuonyeshe sisi, nyumba ilipokuwa na mahali jirani alipokuwa anakusanya ng'ombe. Siku ya tatu ni ya Bukoba hadi nyumbani.

Ubishi uko katika siku hiyo ya tatu. Mpwa wangu, baada ya kuelewa, amegeuka kuwa mwanahistoria kuliko mimi, anataka tusimame kila mahali. Anataka Katuruka, kule Maruku, walikofukua tanuri za kuyeyushia chuma ambazo babu zetu walizitumia zaidi ya miaka elfu moja na mia tano iliyopita. Nakiri hiyo imeniuma kuikata. Mtaalamu wa Kimarekani, Peter Schmidt, alikuja hapo mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuwasikiliza wazee waliomwambia kwamba pale penye mti mkubwa ni mahali pa mfalme Rugomora Mahe na pa uhunzi. Akachimba, na chini ya masimulizi ya wazee akakuta chuma kweli. Ni mahali ambapo ningempeleka kila mtu anayesema masimulizi si historia. Lakini kutoka barabarani hadi huko kunakula muda, na safari hii ina mwenyewe. Katuruka imengoja miaka hiyo yote, itangoja Desemba.

Kanisa lililobomolewa vitani pale Kyaka tutaliona kwa kuwa liko njiani na Mama analitaka. Kemondo tutasimama, si kwa kumbukumbu, bali kwa samaki. Ingawa najua dada yangu, ambaye amesema atatusubiri Bukoba aje nasi, ataangalia pembeni gari litakapopita karibu na bandari.

Kaboya nimesitasita. Wasikilizaji wa mbali huenda hamjui: kabla ya kufika Muhutwe, katika wilaya hii ya Muleba, yapo makaburi ya askari wetu waliokufa katika vita hivyo, zaidi ya 600, yamepangwa safu safu, meupe. Mwaka 2013 Siku ya Mashujaa kitaifa iliadhimishwa hapo, Rais Kikwete akiwapo. Watu wanayapita kwa mabasi na wengi hawageuzi shingo. Ni eneo la jeshi, si mahali pa kuingia kama sokoni, hivyo nimekwisha kuuliza utaratibu wa kuomba ruhusa. Kilichonifanya nisite si hilo. Ni kwamba nilifikiri: kumpeleka mama aliyekosa kaburi moja kwenye makaburi mia sita yaliyofagiliwa, huo si ukatili? Nikampigia simu kumuuliza. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama kila kaburi lina jina. Nikamwambia yanayo majina. Akasema, "Basi tukapite, nami niwasomee majina yao machache. Mama zao wako mbali." Kwa hiyo Kaboya imo.

Kutoka Muhutwe tunaacha barabara kuu. Hapo nimeshinda ubishi. Mpwa wangu alitaka tuendelee na lami hadi Muleba kisha tupande, lakini yule mama hakupita huko. Alipandia Muhutwe kuja Kamachumu, kwa miguu, watoto kwenye baiskeli. Tutapanda huko huko. Mke wangu amekwisha kusema atatoa kikapu cha kahawa cha marehemu mama, kile kile, na ndizi zimekwisha kukatwa na kufunikwa ziive za kukamua. Jiko lenyewe si lile. Tulilijenga upya kwa matofali baada ya tetemeko la Septemba 10, 2016 kulipasua. Nimemweleza Mama. Amesema mahali ni pale pale, na hilo linamtosha.

Liko jambo la mwisho, nalo ndilo ambalo sijui nifanyeje, na kwa hilo naomba mawazo yenu kwa anwani ya kawaida. Daraja la sasa la Kyaka si lile la mwaka 1978. Mama ameomba pale darajani ateremke, gari litangulie, naye avuke kwa miguu. Ameomba nivuke naye, mimi, si mwanawe. Magari ya mizigo yanayokwenda Uganda ni mengi na yana kasi, na yeye hatembei haraka. Mwanawe anasema tuombe msaada wa trafiki wayazuie malori dakika chache. Mpwa wangu anasema twende alfajiri kabla hayajaanza kupita, kama alivyovuka siku ile, nami nadhani kijana ana akili.

Sijamwomba msamaha kwa lile jina la Mchoyo. Nilikusudia kumwomba siku ile Bunazi, nikashindwa. Sijui kama mumewe aliwahi kumwambia kwamba watoto walikuwa wakimwita hivyo, wala kwamba mwenye kulianzisha nilikuwa mimi. Labda ndiyo sababu amenichagua, labda sivyo.

Mpwa wangu ameuliza yeye na gari watusubiri ng'ambo kwa muda gani. Nimemwambia azime injini.